Kutua kwa Macho Siku ya Ukungu

Mtu atokaye Goma mjini akishika njia ya kaskazini iendayo Rutshuru hupita kando ya kiwanja cha ndege, na akiisha kukipita hujikuta Munigi. Hapo ardhi ni jiwe jeusi la lava, lililopasuka-pasuka na kukwaruza nyayo, na watu wamejenga nyumba zao za mbao juu ya jiwe hilo hilo. Akitazama mbele atauona Nyiragongo, mlima wa moto wenye kimo cha mita 3,470 juu ya bahari. Akigeuka nyuma ataona kiwanja, kisha mapaa ya mji, na chini kabisa Ziwa Kivu. Basi mpango ni huu: ziwa, mji, kiwanja, Munigi, mlima. Twamwomba msomaji aushike moyoni, kwa sababu sehemu kubwa ya habari yetu yautegemea.

Twataka kusema leo juu ya jambo ambalo wasafiri wengi hulidhani kuwa dogo, nalo limeua watu wengi katika nchi zetu za maziwa na milima: rubani kushuka akiyatumainia macho yake wakati hewa imechafuka.

Ziko njia mbili za kuishusha ndege. Ya kwanza ni ya vyombo. Redio ya kiwanjani, au siku hizi setilaiti, huiongoza ndege kama mtu amshikaye kipofu mkono, nayo hushuka katikati ya mawingu hatua kwa hatua, mpaka kimo kilichoandikwa katika ramani ya kiwanja kile. Penye vyombo vizuri vya kawaida kimo hicho ni kama mita 60 tu juu ya ardhi. Hapo rubani huinua macho yake. Akiiona njia ya kutulia, atatua. Asipoiona, hana ruhusa ya kujaribu-jaribu, sharti apande juu tena. Njia ya pili ni ya macho. Rubani huiona nchi iliyo chini yake, huiona njia iliyo mbele, akajipimia mwenyewe umbali na kimo, akashuka.

Hatusemi kwamba njia hii ya pili ni mbaya. Siku ya jua ni njia fupi, huokoa wakati na mafuta, na wako marubani hodari waliotua hivyo maisha yao yote katika viwanja vya majani visivyo na chombo chochote. Lakini ina sharti lake, nalo sharti ni kuona. Kanuni ya mataifa kwa mtu arukaye kwa macho, katika vimo vya viwanja vyetu vingi, yamtaka aone mbele yake kilomita 5, akae mbali na wingu mita 1,500 kwa ubavu, na mita 300 kwa juu au chini. Karibu na ardhi, mahali pasipo na uongozi wa mnara, kanuni hulegezwa kidogo, lakini hata hapo rubani hawezi kuingia winguni, wala kuacha kuiona ardhi. Wako watu wanaofikiri hizi ni tarakimu za wakubwa wakaao ofisini. Sivyo. Ndege ndogo ya abiria inayokuja kutua hukata kilomita moja kwa muda wa sekunde 16 hivi. Mwenye kuona kilomita moja tu mbele yake, basi amebakiwa na sekunde 16 za kuutambua mlima, kuamua, kuvuta usukani, na kuingoja ndege itii.

Sasa tutazame hewa ya Goma. Miezi ya mvua, yaani Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Desemba, mawingu ya ngurumo huinuka juu ya milima wakati wa alasiri na kushuka kwa ghafula. Asubuhi huweza kuwapo ukungu. Kiangazi nacho hakina amani, kwani mashamba huchomwa, na moshi hutanda nchi nzima hata jua likaonekana kama sahani nyekundu. Juu ya hayo yote Nyiragongo wenyewe hutoa moshi wake, mchana na usiku, wala hauulizi ratiba ya mtu.

Hewa ya namna hii haimfichi rubani tu. Yamdanganya pia, na udanganyifu ni mbaya kuliko kufichwa. Mtu aliyefichwa hujua kwamba haoni. Lakini mvua ikipiga kioo cha mbele, macho humwambia rubani kwamba yuko juu kuliko alivyo kweli, naye hushuka zaidi ili ajisahihishe. Ukungu mwepesi humfanya aone njia iko mbali kuliko ilivyo. Maji matulivu ya ziwa hayana mti wala nyumba wala ng'ombe wa kupimia, na hapo pia macho husema, uko juu, shuka. Hata njia ya kutulia inayopanda mbele humdanganya vile vile. Tafadhali msomaji atazame tena mpango wetu: ajaye Goma kutoka upande wa kusini huja juu ya ziwa, na ardhi iliyo mbele yake hupanda kuelekea mlimani. Kila udanganyifu tulioutaja wamvuta upande ule ule mmoja, chini.

Na akiisha kuingia winguni kabisa bila kuviamini vyombo vyake, hatari ni nyingine tena. Ndani ya sikio la mwanadamu mna maji yanayotuambia kama tumesimama wima au tumeinama. Maji haya yaliumbwa kwa mtu anayekwenda kwa miguu. Ndege ikigeuka polepole, sikio husahau kwamba inageuka, na rubani huapa kwamba yuko sawa huku bawa moja likizama. Mwaka 1954 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani waliwajaribu marubani 20 waliokuwa hawajafundishwa kuruka kwa vyombo. Waliwaziba wasione nje, kama vile wamo winguni, huku mwalimu akikaa karibu nao. Wote 20 walipotewa na ndege, na wastani wa muda wao ulikuwa sekunde 178. Dakika tatu hazikutimia!

Wengine watasema: basi rubani asipoona, si apande tena tu? Ndiyo, na ndivyo inavyompasa. Lakini hapa ndipo mahali penyewe panapotisha katika Goma. Rubani aliyekuja kutoka ziwani akashindwa kutua, huinua ndege yake ikielekea kaskazini, na kaskazini ni Munigi, na baada ya Munigi ni mlima. Kutoka kiwanjani mpaka kilele cha Nyiragongo hapafiki kilomita 20, na kilele hicho kiko juu ya kiwanja kwa mita 1,900 hivi. Kwa mwendo tuliousema, zile ni dakika nne au tano. Ndiyo maana marubani waijuao Goma hupanga kabla ya kushuka upande watakaogeukia ikiwa hawatatua. Yule asiyepanga mapema, akaanza kuwaza katikati ya mvua, amechelewa kuwaza.

Na kiwanja chenyewe kimepata taabu zake. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ulipasuka, na nyufa zikateremka mpaka karibu na Munigi. Lava ilipita katika kiwanja ikafunika sehemu ya kaskazini ya njia ya ndege, kama theluthi moja ya urefu wake wa mita 3,000, kisha ikaingia mjini na kufika ziwani. Kazi ya kuliondoa jiwe lile ilichukua miaka mingi, na katika miaka ile ndege kubwa zilitua na kuruka katika njia iliyokatwa, yenye ukuta wa lava mwisho wake. Mwezi Septemba 2007 Antonov ya mizigo ilipitiliza njia ikaigonga lava hiyo ikawaka moto. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya abiria ya Hewa Bora, DC-9, ilishindwa kuruka, ikatumbukia katika mtaa wa Birere upande wa mjini, ikaua watu ambao wengi wao hawakuwa wasafiri, bali wauzaji na wapita njia. Haya hayakuwa makosa ya kutua kwa macho, twajua. Twayataja kwa kuwa njia fupi humwondolea rubani nafasi ya kukosea kidogo. Katika njia ndefu mtu akitua mbali mita 300 huomba radhi tu. Katika njia fupi hukuta jiwe. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena, na lava ikaja hadi Buhene, ikasimama karibu sana na kiwanja.

Sasa tuhesabu wafu, ingawa si kazi ya kufurahisha.

Tarehe 1 Septemba 2008 ndege ndogo ya Air Serv, iliyokuwa ikitumikia mashirika ya msaada, ilikuwa ikikaribia Bukavu katika hewa mbaya. Iligonga ukingo wa mlima, kilomita chache kutoka kiwanja cha Kavumu. Watu wote 17 walikufa. Walikuwa watu waliokuja kuwahudumia wakimbizi na wagonjwa wa Kivu, nao hawakuuawa na risasi yoyote. Waliuawa na mlima ambao siku ya jua hata mtoto angewaonyesha kwa kidole.

Mwaka 2011 ulikuwa mchungu. Tarehe 4 Aprili ndege ya Umoja wa Mataifa iliyotoka Goma kwa njia ya Kisangani ilikuwa ikitua Kinshasa wakati dhoruba kali inaingia kiwanjani. Upepo ulioporomoka kutoka winguni uliibwaga chini. Kati ya watu 33 alisalia mmoja. Miezi mitatu baadaye, tarehe 8 Julai, Boeing ya Hewa Bora iliyotoka Kinshasa ilijaribu kutua Kisangani katika mvua ya ngurumo, ikaanguka msituni kabla ya kuifikia njia. Walikufa watu zaidi ya 70. Ndege ile ilikuwa iendelee Goma, na hapa mjini watu walikuwa wakiwangoja wageni wao.

Tena tarehe 4 Machi 2013, Goma penyewe. Fokker ya shirika la CAA, iliyotoka Lodja, ilikuja kutua siku ya mvua ikaanguka katika mitaa ya watu. Walionusurika walikuwa wachache tu.

Wala tusidhani kwamba ni msiba wa Kongo peke yake. Kenya, tarehe 10 Aprili 2006, ndege ya jeshi la anga aina ya Y-12 iliwachukua wabunge na viongozi kwenda Marsabit. Walikwenda kupatanisha makabila yaliyokuwa yakiuana. Marsabit ni mlima uliosimama peke yake katikati ya jangwa, na mlima wa namna hiyo hukusanya ukungu kama mzinga ukusanyavyo nyuki. Ndege iligonga kilima karibu na mji. Kati ya watu 17 walikufa 14, akiwamo Dakta Bonaya Godana, aliyepata kuwa waziri wa mambo ya nje, na askofu wa Kianglikana William Waqo. Amani waliyoifuata ilipata pigo kubwa siku hiyo, kwani waliokufa walikuwa ndio wale wale wangeketi pamoja mezani.

Lakini habari iliyowagusa wasomaji wa Kiswahili kuliko zote ni ile ya Bukoba. Ilikuwa Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022. Ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliondoka Dar es Salaam alfajiri ikiwa na abiria 39 na watumishi 4. Kiwanja cha Bukoba kiko kandokando ya Ziwa Viktoria, na rubani akitaka kutua hapo hutumia macho. Asubuhi ile palikuwa na mvua na mawingu mazito. Walionusurika walieleza jinsi ndege ilivyotikisika njiani na jinsi walivyoambiwa kwamba hewa si nzuri. Ilishuka juu ya maji, na kabla ya kuifikia njia ikaingia ziwani. Wakati watu wa mjini walipokuwa wakienda kusali, mkia wa ndege ulionekana ukitokeza majini, karibu kabisa na nchi kavu.

Waliofika kwanza walikuwa wavuvi. Kijana mmoja, Majaliwa Jackson, alipiga kasia lake akausaidia mlango wa nyuma kufunguka, na watu wakaanza kutoka wakiwa hai. Kisha akaenda mbele walikokuwamo marubani, waliokuwa hai bado nyuma ya kioo, akajaribu kuwaokoa, akaumizwa na kamba hata yeye mwenyewe akapoteza fahamu. Watu 24 waliokolewa. Watu 19 walikufa, na marubani wote wawili wamo katika hesabu hiyo. Kesho yake majeneza yalipangwa katika uwanja wa Kaitaba, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akawapo pamoja na watu wa Bukoba waliokuja kuwaaga wenzao. Kijana yule alipewa shilingi milioni moja na kazi katika jeshi la zimamoto na uokoaji. Alistahili, na zaidi.

Twajiuliza: kwa nini rubani mwenye elimu, mwenye mke na watoto wanaomngoja, ashuke mahali asipopaona? Wengi hujibu upesi, ni ujinga, au ni kiburi. Sisi hatukubali jibu hilo. Mara nyingi yeye huwa ameona kidogo. Ameona kipande cha ziwa kupitia tundu la wingu, au ameona taa mbili za mji, na moyo humwambia kwamba bado kidogo ataona zaidi. Amekwisha kupita hapo mara mia, na mara zote njia ilitokea. Shirika moja la kimataifa liangaliao usalama wa ndege, Flight Safety Foundation, lilichunguza safari ambazo ndege ilikuja kutua ikiwa haijatulia, yaani ikienda mbio mno, au ikiwa juu mno, au ikiyumba. Kanuni yasema katika hali hiyo rubani aache, apande, aanze upya. Katika safari 100 za namna hiyo walioacha walikuwa 3 tu. Hao 97 wengine waliendelea, na karibu wote walitua salama. Hapo ndipo ulipo mtego: kosa lisiloadhibiwa leo hugeuka kuwa desturi.

Na sisi abiria tumo pia katika kosa hili. Nani hajawasikia wasafiri wakinung'unika ndege inapozunguka juu ya ziwa kwa nusu saa? Nani hajasikia vifijo rubani anapotua katika mvua kubwa, na minong'ono ya hasira anaporudi alikotoka? Tumesikia wasafiri waliopelekwa Kigali kwa sababu ya mawingu ya Goma wakimlaumu rubani kama mwizi, ati amewapotezea siku na nauli ya basi. Rubani ana masikio. Mwenye ndege naye ana masikio, na zaidi ya hayo ana daftari la hesabu. Mtu anayesifiwa kila anapothubutu na kutukanwa kila anaporudi, baada ya mwaka mmoja atakuwa amefundishwa nini?

Mwishoni mwa Januari 2025, mji wa Goma ulipoangukia mikononi mwa M23, kiwanja kilifungwa na ndege za abiria zikakoma. Wenye jamaa Kinshasa, wanafunzi, wagonjwa waliotakiwa kupelekwa mbali, wote walijua maana ya kukosa ndege. Palipokosekana kitu kwa muda mrefu, haraka huwa nyingi kinaporudi, na haraka ni rafiki mbaya wa rubani.

Liko jambo moja ambalo kila mwenye ndege aweza kulifanya bila kungoja serikali wala fedha za wageni, nalo ni mafuta. Ndege iendayo mahali penye hewa ya kugeuka-geuka yapaswa kubeba mafuta ya kufika huko, na ya kuzunguka hapo, na ya kwenda kiwanja kingine, na akiba juu yake. Kwa ajaye Goma kiwanja hicho kingine chaweza kuwa Kigali, au Kavumu ikiwa wingu halijakifunika nacho. Mafuta ni mazito. Lita 100 zina uzito wa kilo 80 hivi, sawa na abiria mmoja na kikapu chake, au gunia la maharagwe lililokwisha kulipiwa. Kwa hiyo jioni, kabla ya safari, mtu mmoja hukaa mezani na kuamua: gunia au mafuta. Rubani aliyepewa mafuta, akifika juu ya ziwa asiuone mji, huzunguka mara moja, mara mbili, kisha hugeuka kwenda zake na moyo wake umetulia. Aliyenyimwa hutazama mshale wa mafuta, hutazama wingu, na kuanza kutafuta tundu.